Hakimiliki Haifungi Mlango: Ripoti za Wathamini na Siri za Nyumba Zetu

Leo tuweke kando habari za simu na seva, tuzungumze kuhusu karatasi. Karatasi yenyewe ni ripoti ya mthamini, ile ambayo benki hudai kabla ya kukupa mkopo kwa kuweka rehani nyumba au shamba. Wengi wetu hatuijui mpaka siku ya kuilipia, na hata tukishailipia, mara nyingi hatuisomi. Lakini sisi tunaoandika programu tumeanza kuimezea mate, na ndiyo maana nimeona nisinyamaze.

Wazo linalozunguka ni hili. Afisi ya mthamini aliyefanya kazi miaka mingi ina ripoti chungu nzima kwenye kompyuta zake. Tuzikusanye zote, tuisomeshe mashine, kisha tufungue tovuti ambayo ukibofya mtaa wowote inakupa bei ya nyumba. Wazo tamu kweli. Ukiuliza, "Na ruhusa je?", utajibiwa mbiombio: "Ripoti ni ya mthamini. Yeye ndiye aliyeiandika, hakimiliki ni yake. Akitupa sisi, kwisha maneno."

Hapana, maneno hayajaisha. Jibu hilo lina makosa mawili. Kwanza, hapa Kenya huenda hakimiliki yenyewe si yake. Pili, na hili ndilo kubwa, hata ingekuwa yake kwa asilimia mia, kumiliki maandishi hakumpi mtu ruhusa ya kutangaza siri ya mwenzake. Halafu kuna kosa la tatu, la upande wa benki. Hao hulichukua neno "siri" na kulitumia kumficha mwenye nyumba ripoti ya nyumba yake mwenyewe. Nao nitawafikia, msiwe na haraka.

Ndani ya ripoti kuna nini?

Tuanzie hapo, maana wengi hudhani ni bei tu. Ripoti ya kawaida ina nambari ya hati ya ardhi, jina la mwenyewe, mahali nyumba ilipo na jinsi ya kufika. Ina idadi ya vyumba, mchoro wa jinsi vilivyopangwa, hali ya ukuta na lango. Ina picha za nje na za ndani: sebule, jikoni, mlango wa nyuma. Kama kuna wapangaji, kodi wanayolipa imo. Kama ardhi tayari ina deni, nalo limo. Mwishoni kuna bei ya soko, na pembeni yake bei ya kuuza kwa lazima, yaani kiasi ambacho mali hiyo ingetarajiwa kupata ikiuzwa upesi wakati mwenyewe amekwama.

Sasa fikiria ni nani angefurahi kuipata. Mwizi, kwa sababu ni ramani ya nyumba yako ikiwa na picha. Ndugu mnaogombania urithi. Mume au mke mnayepelekana mahakamani. Mnunuzi mnayepatana bei: akishajua kwamba benki imeandikiwa milioni 6 kama bei ya kuuza kwa lazima, wewe utaimba milioni 9 mpaka sauti ikauke. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayejali ripoti iliandikwa kwa Kiingereza kizuri au kibovu. Wanachotaka ni ukweli ulio ndani. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Hakimiliki ni ya nani?

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaziweka ripoti katika kundi la kazi za fasihi, pamoja na riwaya, barua na, mtacheka, programu za kompyuta. Mbele ya sheria hiyo mimi na mthamini ni ndugu wa damu: sote waandishi.

Kifungu cha 31 ndicho kinachowasahaulisha watu usingizi. Kinasema hakimiliki huanza kwa mwandishi, lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, au imefanywa na mwajiriwa akiwa kazini, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Kwa hivyo, benki ikimwagiza mthamini aandike ripoti, na barua ya maagizo haisemi lolote kuhusu umiliki, mthamini asianze kutembea kifua mbele. Ule mstari mdogo chini ya kila ukurasa unaosema haki zote ni zake ni tangazo la upande mmoja, tena hutolewa kazi ikiwa imekwisha. Makubaliano ni mambo ya watu wawili, na hufanywa kabla ya kazi.

Wengi hukosea hapa kwa sababu wanasoma makala za Marekani. Kule mambo ni tofauti: mtu wa nje unayempa kazi kwa kawaida hubaki na hakimiliki yake mpaka atie sahihi hati ya kuihamisha. Ukinakili ushauri wa kule ukaubandika hapa, umenakili msimbo ulioandikiwa mashine nyingine, halafu unashangaa mbona haufanyi kazi.

Lakini tuseme mthamini amejipanga vizuri, ameandikiana na benki, na hakimiliki ni yake. Anamiliki nini hasa? Anamiliki maneno aliyoyapanga, picha alizopiga na michoro aliyochora. Hamiliki ukweli kwamba nyumba ina vyumba vinne. Mahakama ya Juu ya Marekani ililieleza jambo hili vizuri mwaka 1991 katika kesi ya Feist, iliyohusu kitabu cha nambari za simu huko Kansas. Majaji walisema majina na nambari zilizopangwa kwa alfabeti ni ukweli mtupu, na ukweli mtupu hauna mwandishi, hata kama umekusanywa kwa jasho. Kwetu pia sheria hudai kazi iwe na juhudi ya kutosha kuipa sura yake ya asili kabla ya kulindwa.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Mwenzangu mwandishi wa programu akisikia hivyo hurukaruka kwa furaha: "Basi tuondoe maneno na picha, tubaki na takwimu tu. Tuko salama!" Kwa upande wa hakimiliki, ndiyo, huenda uko salama. Kwa upande wa siri, umefanya jambo baya kuliko yote. Umetupa ganda ukabaki na kiini. Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyosemwa, usiri hulinda jambo lenyewe. Yule mwizi, yule ndugu na yule mnunuzi walitaka kiini tangu mwanzo, na wewe umewamenyea.

Leseni si nenosiri

Kwa wale wa fani yetu nitaeleza hivi. Kila mradi wetu una faili la leseni, linalosema nani anaruhusiwa kunakili msimbo. Mradi huohuo una nenosiri la hifadhidata, ambalo halipaswi kuonekana na mtu. Hakuna mwenye akili timamu anayeweza kusema, "Nenosiri letu liko salama kwa sababu leseni yetu ni kali." Lakini ndivyo tunavyosema kuhusu ripoti za wathamini kila tunapojibu swali la siri kwa kutaja hakimiliki.

Usiri hutoka kwingine kabisa. Hutoka kwenye kazi yenyewe, kama ule wa daktari na wakili. Mthamini anafunguliwa mlango wa chumba cha kulala kwa sababu ya cheo chake. Kule Marekani kanuni za wathamini, zinazoitwa USPAP, zimeorodhesha kabisa anayeweza kuonyeshwa taarifa za siri na matokeo ya kazi: mteja, watu walioruhusiwa na mteja, mamlaka za kusimamia wathamini, wanaopewa kwa taratibu za kisheria, na kamati za wanataaluma wenzake zilizoidhinishwa. Basi. Kampuni changa yenye wazo tamu haimo. Na kumbukumbu za kazi sharti zitunzwe angalau miaka 5. Kutunza, si kuuza.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Wathamini na bodi ya kuwasajili, na juu yake kuna Katiba ya 2010, ambayo katika Ibara ya 31 inamlinda mtu dhidi ya kufichuliwa mambo yake ya faragha bila sababu. Kisha kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kanuni yake moja nawaomba muikariri: data iliyokusanywa kwa lengo fulani isitumike kwa lengo lingine lisiloendana na lile la kwanza. Mama aliyemfungulia mthamini lango alifanya hivyo ili apate mkopo wa kupanua duka. Hakulifungua ili jikoni lake lifundishie mashine yako.

"Lakini tutaondoa majina!" Ndugu yangu, nambari ya hati ikibaki, mtu ataenda kwenye masjala ya ardhi, alipe ada ya upekuzi rasmi, na jina atapewa. Ukiondoa nambari ukaacha picha, kumbuka kwamba simu nyingi huandika ndani ya faili la picha mahali palipopigwa, kwa usahihi wa mita chache. Ukifuta na hayo, mtaa wenye nyumba tatu za ghorofa hauhitaji mpelelezi kujua ni ipi yenye lango la bluu. Kufuta jina ni mwanzo wa kazi.

Yakimwagika hayazoleki

Mnadhani natisha watu? Mwaka 2019 kampuni kubwa ya uthamini huko Australia, LandMark White, ilivujiwa na rekodi zaidi ya laki moja za uthamini, zikaonekana kwenye pembe za giza za mtandao. Mabenki makubwa yaliacha kuipa kazi kwa muda, biashara ya hisa zake ikasimamishwa, na kabla jasho halijakauka ikavujiwa tena mwezi Mei mwaka huohuo. Baadaye ilibadilisha jina, ikajiita Acumentis. Niambieni, hakimiliki ya ripoti zile ilimsaidia nani? Unaweza kumshtaki mtu kwa kunakili ripoti, lakini huwezi kumfanya asahau alichosoma.

Mwezi huohuo wa Mei 2019, mwandishi wa habari za usalama Brian Krebs alifichua kwamba tovuti ya First American, kampuni ya Marekani ya bima ya hati za nyumba, iliacha wazi takriban faili milioni 885 za shughuli za nyumba na mikopo. Mbinu ya kuzifikia ingemfaa mtoto wa shule: una kiungo cha hati yako, unabadilisha tarakimu moja kwenye anwani, unapata hati ya mtu mwingine. Hakuna nenosiri, hakuna swali. Hilo si kosa la wathamini wala wanasheria. Ni letu sisi, wasomaji wapenzi. Mtu kama mimi ndiye aliyeandika ukurasa ule.

Siku hizi kuna mlango mwingine wa nyuma. Mthamini amechoka, ni saa nne usiku, anachukua ripoti nzima na kuibandika kwenye programu ya akili unde ili imrekebishie lugha. Kwake ni kama kamusi. Kwa kweli ameikabidhi siri ya mteja kwa mtu wa tatu, mara nyingi kwenye seva zilizo nje ya nchi, na sheria yetu ya data ina masharti yake kuhusu kuhamisha data nje ya Kenya. Hakuna aliyemwibia. Amegawa kwa mikono yake.

Na kama bado mnadhani makampuni hayajui tofauti kati ya hakimiliki na siri, angalieni yanavyofanya siri ikiwa yao. Huko Texas makampuni mawili, HouseCanary na Title Source, ambayo baadaye iliitwa Amrock, yalipigana mahakamani kuhusu programu na data za kukadiria bei za nyumba. Mwaka 2018 baraza la mahakama liliipa HouseCanary zaidi ya dola milioni 706. Mwaka 2020 mahakama ya rufani ikaibatilisha hukumu hiyo na kuagiza madai makuu yasikizwe upya. Mimi sijali nani alikuwa na haki. Ninachotaka mkione ni walichopigania: siri za kibiashara. Mamilioni yao yakiwa hatarini, wanashika kufuli la siri. Ya kwako yakiwa hatarini, wanakupungia karatasi ya hakimiliki.

Siri dhidi ya nani?

Sasa nageukia upande wa pili, maana ningeishia hapo ningewafurahisha mabenki bure.

Unaomba mkopo. Benki inakupa orodha ya wathamini inaowakubali. Ada unalipa wewe. Mthamini anakuja kwako, anapima vyumba vyako, anapiga picha ukuta wako. Ripoti inaandikwa kwa jina la benki na kupelekwa benki. Ukiomba nakala, mara nyingi unaambiwa, "Pole, ni siri." Siri ya nani? Nyumba yangu, pesa zangu, mlango wangu, na mimi ndiye mgeni!

Msimlaumu mthamini haraka. Mteja wake ni benki, na kulipa ada hakukufanyi wewe kuwa mteja. Akikupa ripoti kichinichini bila ruhusa anavunja wajibu wake, na nimetumia nusu ya makala hii kuutetea wajibu huo. Wa kubanwa ni benki.

Marekani walilitatua jambo hili bila kumgusa mthamini. Tangu Januari 2014, mkopeshaji anayepokea ombi la mkopo unaowekewa rehani ya kwanza ya nyumba ya kuishi ni lazima ampe mwombaji nakala ya uthamini punde inapokamilika, au angalau siku 3 za kazi kabla ya kufunga mkataba, lolote litakalotangulia. Mthamini anabaki na usiri wake, benki inabaki na ripoti yake, na mwenye nyumba anajua alichoandikiwa. Hakuna mbingu iliyoanguka.

Kwetu nakala hiyo ina uzito zaidi, kwa sababu ya mnada. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 97, inamtaka mwenye rehani atafute bei bora inayowezekana, na afanye uthamini wa kuuza kwa lazima kabla ya kuuza. Mali ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25, sheria inachukulia kwamba amevunja wajibu huo mpaka athibitishe vingine. Ulinzi mzuri sana kwenye karatasi. Lakini mkopaji atajuaje kwamba bei ni ya kutupa ikiwa ripoti zote mbili, ya siku ya kukopa na ya siku ya kuuza, zimefungiwa kwenye kabati la mpinzani wake? Atafute mthamini mwingine kwa pesa asizonazo, siku chache kabla dalali hajagonga nyundo. Siri ya mtungi aijuaye kata, ndiyo, lakini hapa mtungi ni wa mtu na kata imekataa kumwambia maji yamebaki kiasi gani.

Kwa maoni yangu, sheria za kumsaidia tunazo. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa anaihitaji ili kulinda haki yake. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Kulinda Data kinampa mtu haki ya kufikia data yake binafsi. Benki inayotaja usiri ili kumzuia mwenye nyumba imeigeuza ngao ikawa kisu. Usiri upo kumlinda huyo mwenye nyumba dhidi ya wapita njia, haukuwekwa ili afichwe habari zake.

Basi tufanyeje?

Najua kuna atakayesema bila data ya bei soko letu litabaki gizani na madalali wa ploti wataendelea kutupiga bei za kubuni. Nakubali giza lipo. Lakini dawa yake haimo kwenye kabati la mthamini. Kila ardhi inapouzwa, serikali huitathmini kwa ajili ya ushuru wa stempu, asilimia 4 mijini na 2 mashambani. Bei zinajulikana tayari. Zitolewe kwa maeneo, bila majina wala nambari za hati, na sisi tutaandika tovuti nzuri bila kuiba siri ya mtu.

Wakati tunangoja, haya yanawezekana leo:

1. Mthamini: andika kwenye barua ya maagizo, kabla ya kazi, hakimiliki ni ya nani na nani ataonyeshwa ripoti. Ni mistari miwili tofauti. Usiibananishe katika sentensi moja.

2. Mthamini tena: ripoti ya mteja isiingie kwenye programu yoyote ya nje mpaka mteja ameruhusu kwa maandishi.

3. Mwandishi wa programu: kila ripoti kwenye mfumo wako iwe na orodha ya walioruhusiwa kuiona na kwa lengo gani, na seva iikague kila ombi. Nambari zinazofuatana kwenye anwani ni mwaliko. Futa mahali palipoandikwa ndani ya picha. Na ikivuja, Kamishna wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72, si baada ya wewe kumaliza kuona haya.

4. Benki: mpe mkopaji nakala. Aliilipia.

5. Wewe msomaji: siku ya kuomba mkopo, omba nakala kwa barua na utunze nakala ya barua hiyo. Siku ya mnada utaihitaji.

Na yeyote atakayeniletea tena lile wazo tamu, nitamuuliza swali moja tu. Nisijibiwe kwamba mthamini anamiliki ripoti. Nionyeshwe ni wapi mwenye nyumba alikubali.